Glisiera na viwango vipya vya majaribio: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 90, na saa yoyote ya mchana utayakuta malori yamefuatana. Shaba inakwenda mpakani, asidi na mafuta vinakuja migodini. Pembeni, penye matuta marefu, kwenye kona na kwenye madaraja, kuna glisiera, ile reli ya chuma juu ya nguzo inayozuia gari lisitoke barabarani. Wengi wanaijua kama kitu cha kukalia wakingoja usafiri. Mimi nimekaa nazo miaka mingi, nikizifunga, nikizipima, na siku nyingine nikizing'oa baada ya ajali. Tangu viwango vya kuzijaribu vilipobadilika ng'ambo, wakandarasi, wakuu wa usafiri migodini, wanafunzi wa Polytechnique na madereva wananiuliza mambo yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Penye uzito nimekaa, penye wepesi nimepita.

Kwani "kujaribiwa" ni kufanyaje?

Ni kuchukua gari la kweli na kuligongesha kwenye glisiera kwa mwendo unaojulikana na kwa pembe inayojulikana. Ndani hamna dereva, kuna vipimo. Baadaye wanaangalia: gari limezuiwa, au limepasua reli, limeruka juu yake, limepenya chini? Kama kungekuwa na mtu ndani, mwili wake ungestahimili ule mshtuko? Kuna chuma kilichoingia kabini? Na gari lenyewe limebaki kwenye magurudumu yake, au limepinduka, au limerudishwa barabarani mbele ya wanaokuja?

Kinachofaulu jaribio ni mfumo mzima. Reli yenye unene ule, nguzo za urefu ule, zilizosimama umbali ule, kwenye udongo ule, kwa kimo kile, na boliti zile. Ukibadilisha kimoja, ile karatasi ya jaribio haizungumzii tena kitu ulichokifunga. Karibu maswali yote yaliyo chini yanarudi hapa.

Ni viwango gani vilivyobadilika, na lini?

Huku kwetu vinafika vya aina tatu, kwa sababu vifaa vinatoka sehemu tatu.

Marekani walikuwa na Ripoti 350 ya mwaka 1993, mwongozo wao wa majaribio haya. Mwaka 2009 ukaja mwongozo mpya, MASH, na toleo lake la pili likatoka mwaka 2016. Hawakuhama kwa siku moja. Kwa barabara kuu za taifa lao, mikataba iliyotolewa baada ya 31 Desemba 2017 ilitakiwa kutumia reli za W (bati lililokunjwa kwa umbo la W) na kuta za betoni zilizofaulu MASH ya 2016. Ncha za reli za W zilifuata baada ya 30 Juni 2018. Glisiera za kamba na vifyonza mgongano baada ya 31 Desemba 2018. Kingo za madaraja na sehemu za kuunganisha baada ya 31 Desemba 2019. Ule mpangilio ni somo zuri kwa yeyote anayepanga kuhama hatua kwa hatua.

Ulaya wana EN 1317, iliyoanza mwaka 1998 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2010. Alama ya CE, inayoonyesha kwamba kifaa kinafuata masharti ya Ulaya, ikawa ya lazima kwa vifaa hivi tangu 1 Januari 2011. Vitabu vingi vya masharti ya kazi huku vimeandikwa kwa Kifaransa na vinafuata njia hii, ndiyo maana utasikia mainjenia wetu wakisema "N2" au "H2", yaani madaraja ya uwezo wa kuzuia.

China wana JTG B05-01 ya mwaka 2013. Usiidharau. Makampuni ya Kichina yamejenga barabara nyingi Katanga, na reli unayoikuta imelala kwenye maghala yao huenda imetengenezwa kwa kiwango hicho.

Kwa nini walibadilisha? Za zamani zilikuwa mbaya?

Hazikuwa mbaya. Magari ndiyo yaliyokua. Chini ya Ripoti 350 gari dogo la kujaribia lilikuwa la kilo 820 na pikapu ya kilo 2000. MASH inatumia gari la kilo 1100 na pikapu ya kilo 2270, na pembe ya gari dogo imepanda kutoka nyuzi 20 hadi 25.

Fanya hesabu mwenyewe. Unachukua nusu ya uzito, unazidisha kwa mraba wa ile sehemu ya mwendo inayoelekea moja kwa moja kwenye reli. Pikapu ya zamani kwa kilomita 100 kwa saa na nyuzi 25 ilileta karibu kilojuli 138 (kipimo cha nguvu ya pigo). Ya sasa inaleta 156. Ongezeko si la kutisha, lakini reli ya zamani ilikuwa tayari inafanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake.

Kwenye malori tofauti ni kubwa zaidi. Wamarekani hupanga majaribio kwa madaraja ya TL, namba ikipanda na ugumu unapanda. Daraja la TL-4 lilikuwa lori la tani 8 kwa kilomita 80. Sasa ni tani 10 kwa kilomita 90, pembe ileile ya nyuzi 15. Nguvu imetoka kama kilojuli 132 hadi 209. Tazama ile 132 tena: ilikuwa chini ya ile ya pikapu. Yaani kwa miaka mingi daraja lililopaswa kuonyesha uwezo wa kuzuia lori lilikuwa linapokea pigo dogo kuliko daraja lililo chini yake. Matokeo yake, ukuta wa betoni wa milimita 813 uliofaulu zamani ulipogongwa kwa kipimo kipya, lori lilipinduka juu yake. Kimo cha chini kwa TL-4 ya MASH kikawa milimita 914.

Kongo si Marekani wala Ulaya. Inatuhusu nini?

Inatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, vifaa tunaviagiza. Kiwanda kikiacha kutengeneza mfumo wa zamani, hutapata tena ncha wala ekarteri (vipande vinavyotenga reli na nguzo) za kulingana na reli ulizozifunga, na bidhaa zilizokataliwa kwingine zitatafuta soko mahali pasipo na macho. Nisingependa soko hilo liwe letu.

Pili, magari yaliyowafanya wabadilishe yako hapa pia. Hesabu pikapu za migodi zenye kabini mbili kati ya Likasi, Fungurume na Kolwezi, zimejaa watu na vyombo. Zile ndizo kilo 2270, na pengine zaidi.

Kinachokufunga kisheria kwenye kazi ni kile kilichoandikwa kwenye mkataba wako. Kama daftari la masharti linasema "glisiera ya chuma iliyopakwa zinki" na kuishia hapo, mkandarasi akikuletea bati lolote atakuwa ametimiza ahadi. Andika kiwango, mwaka wa toleo, daraja la kuzuia, upana wa kazi (nafasi ambayo glisiera inaihitaji inaporudi nyuma ikigongwa) na aina ya ncha. Mistari mitano inatosha.

Tunalazimika kung'oa zote za zamani?

Hapana, na anayekuambia hivyo huenda anauza glisiera. Hata Marekani, vifaa vilivyofungwa chini ya Ripoti 350 vikiwa vizima viliruhusiwa kubaki hadi vichakae, vigongwe au barabara ijengwe upya. Kwa fedha zetu, ningeanza na ncha, kisha mahali reli inapokutana na daraja, kisha reli zilizoshuka kimo. Reli ndefu ya katikati, iliyonyooka, yenye kimo kizuri, iache ifanye kazi yake.

Kimo kinapimwa wapi, na kwa nini mnakisema sana?

Kinapimwa kutoka kwenye lami au udongo ulio chini ya reli hadi ukingo wa juu wa reli. Mfumo wa zamani wa Marekani ulikuwa na kimo cha karibu milimita 705. Mfumo unaotumika sana chini ya MASH una milimita 787, na maungio ya reli yamehamishwa kutoka kwenye nguzo hadi katikati ya nguzo mbili. Kuhamisha ungio kunaonekana jambo dogo, lakini reli hukatika kwenye ungio, na nguzo ndiyo inayoibana isipinde vizuri.

Pikapu ina pua ndefu na kitovu cha uzito kilicho juu. Reli ikiwa fupi, gari linaipanda. Sasa sikiliza yanayotokea kwetu. Barabara inachakaa, inapata tabaka jipya la lami la sentimita 7, watu wanapiga picha, wanaondoka. Hakuna aliyegusa glisiera, lakini ile ya milimita 705 sasa ni ya 635. Niliwahi kutembea kipande cha kilomita kadhaa nikiwa na rula mkononi, na sehemu moja reli ilifika chini ya goti langu. Mkandarasi aliyeweka lami alikuwa amefanya kazi safi kabisa, barabara ilikuwa laini. Nilimwuliza kuhusu glisiera, akajibu kuwa haikuwa kwenye orodha ya kazi. Alisema kweli, haikuwamo. Niliandika barua siku hiyohiyo, na hadi leo kila nikiona mkataba wa lami ninatafuta kwanza mstari wa kuinua glisiera.

Kinyume chake pia kipo. Mvua za Novemba hadi Machi zinakula bega la barabara, udongo unaondoka chini ya reli, na nafasi inafunguka ambayo gari dogo linaweza kuingia chini. Kuinua reli bila kujaza udongo ni kuhamisha hatari kutoka kwa pikapu kwenda kwa gari dogo.

Ule mwanzo wa glisiera uliotandazwa kama mkia wa samaki una ubaya gani?

Huu ndio ubaya unaoninyima usingizi, kwa hiyo nivumilieni.

Reli ya chuma ina nguvu inapogongwa ubavuni, kwa sababu inavutwa kama kamba. Ukiigonga kichwani, haivutwi, inasukumwa, na inakuwa mkuki. Gari la kilomita 80 kwa saa likifika kwenye ncha iliyo wazi, reli inaingia kwenye injini, inapita kwenye miguu ya dereva, na mara nyingine inatokea nyuma. Ule "mkia wa samaki" ni bati la kufunika mwisho tu. Hauzuii lolote. Watu walioufunga hawakuwa na nia mbaya, walinunua kilichokuwa kwenye katalogi.

Wengine, kwa kuliona hilo, waliinamisha ncha na kuizika ardhini ghafla. Mkuki umeondoka, lakini imebaki ngazi: gurudumu linapanda reli kama linapanda daraja, gari linaruka na kupinduka. Ncha ya namna hiyo haifai penye mwendo mkubwa.

Njia zinazofaa ni tatu. Ya kwanza, na ya bei nafuu kama ardhi inaruhusu, ni kuipeleka reli mbali na barabara taratibu na kuizika ndani ya mteremko wa udongo uliokatwa, kimo chake kikibaki kilekile hadi inapoingia. Kwenye vilima vya kuelekea Likasi kuna sehemu nyingi za kukata udongo ambapo hilo linawezekana. Ya pili ni ncha iliyojaribiwa, yenye kichwa kinachoteleza juu ya reli na kuikunja au kuibana huku kikipunguza mwendo wa gari. Ya tatu ni kurefusha glisiera hadi mahali ambapo mwisho wake hauko tena kwenye njia ya gari lililopotea.

Kumbuka pia barabara yetu ni ya njia mbili bila kitenganishi. Mwisho wa glisiera kwako ni mwanzo kwa anayekuja mbele akivuka mstari kupita lori. Ncha zote mbili zishughulikiwe.

Reli ipi ikae juu ya ipi?

Kwenye ungio, reli unayoifikia kwanza ndiyo ikae upande wa barabara, na ya pili ijifiche nyuma yake, kama manyoya ya kuku yanavyolala kuelekea mkiani. Hivyo gari likikwaruza halikutani na ukingo wa bati.

Hapa mpaka wetu unaleta shida yake. Sisi tunaendesha kulia, Zambia wanaendesha kushoto. Fundi aliyezoea upande ule anafuata mkono wake, na michoro ya upande ule inaonyesha kinyume. Nimeshaona kona nzima imefungwa kinyume, kila ungio likiwa na ulimi unaowangoja madereva. Kazi hiyo ilirudiwa. Ukipokea michoro kutoka kusini mwa mpaka, swali la kwanza ni: mchoro huu ni wa upande gani wa barabara?

Glisiera itazuia lori la shaba la tani 56?

Reli ya kawaida ya W, hapana. Ilijaribiwa kwa pikapu. Ikilizuia lori zito siku fulani, tumshukuru Mungu, lakini tusiandike kwenye ripoti kwamba ndiyo kazi yake.

Tani 56 ndicho kikomo cha uzito wa jumla unachokikuta kwenye njia za kusini. Lori la hivyo kwa kilomita 60 kwa saa, likiiacha barabara kwa nyuzi 10, linaleta karibu kilojuli 235. Pembe ikiwa nyuzi 15, inafika 520. Linganisha: H2 ya Ulaya hujaribiwa kwa basi la tani 13 na kilojuli kama 287. H4b hujaribiwa kwa lori la tani 38 na kilojuli kama 724. TL-5 ya Marekani ni lori lenye trela la tani 36, karibu kilojuli 595, na ukuta wake wa betoni huwa na kimo cha kama milimita 1070.

Lakini kilojuli hazisemi yote. Bamba za shaba ni nzito na zinalala chini sakafuni mwa trela, kwa hiyo lori lile halipinduki kirahisi; linasukuma. Lori la tangi la asidi ni kinyume: mzigo uko juu na unayumba ndani. Linaweza kuuegemea ukuta mfupi na kumwagika upande wa pili hata kama ukuta haukuvunjika. Ndiyo maana Wamarekani wana TL-6 peke yake kwa tangi.

Hatuwezi kujenga ukuta wa mita moja kwa kilomita 90, na wala hatuhitaji. Tuujenge mahali ambapo lori likivuka linaua wengine: juu ya reli ya treni, juu ya mto ambao watu wanachota maji, juu ya soko lililo chini ya tuta. Kwingine kupunguza mwendo kunasaidia kuliko chuma. Kutoka kilomita 60 hadi 40, lori lilelile linapoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya pigo lake.

Muuzaji amenionyesha karatasi. Nisome nini?

Kama ni ya Kimarekani, tafuta neno MASH na mwaka. Karatasi nyingi zinazozunguka ni barua za enzi ya Ripoti 350. Barua yenyewe ya serikali ya Marekani si cheti cha ubora. Inasema tu kwamba kifaa kinaweza kulipiwa kwa fedha za serikali yao. Omba ripoti ya jaribio la maabara, yenye picha za gari kabla na baada.

Kama ni ya Ulaya, omba tamko la utendaji linaloambatana na alama ya CE. Lazima lionyeshe vitu vitatu: daraja la kuzuia, upana wa kazi (W1 hadi W8), na ukali wa mshtuko kwa walio ndani (A, B au C, A ikiwa ndiyo yenye mshtuko mdogo). Daraja kubwa bila upana wa kazi ni nusu ya habari.

Kisha chukua mchoro ulio kwenye ripoti, uende nao kwenye ghala, upime. Unene wa bati, urefu wa nguzo, kipenyo cha boliti, idadi ya matundu. Tofauti moja inatosha kuuliza maswali. Fanya hivyo kabla ya mzigo kuvuka Kasumbalesa, maana ukishafika na ushuru umelipwa, kila mtu atakusihi uupokee.

H2, TL-4, SB: naweza kubadilisha moja kwa nyingine?

Kwa kukadiria tu. SB ya China ni kilojuli 280, inakaribia H2 yenye 287. SS yao ni 520, HA yao ni 760. TL-4 ya MASH, 209, inaangukia kati ya H1 (127) na H2. Lakini H2 lazima ifaulu pia na gari dogo la kilo 900 kwa kilomita 100, na kila kiwango kina pembe zake na magari yake. Ukiandika "H2 au inayolingana nayo" bila kusema nani ataamua ulinganifu huo, umefungua mlango wa ugomvi. Taja jina la mwenye kuamua: mhandisi msimamizi, kabla ya kuagiza.

Udongo wetu unakubali nguzo hizi?

Mfumo wa kawaida wa MASH una nguzo ya chuma ya mita 1.83, na kiasi cha mita 1 kimeingia ardhini. Kabla ya kugongesha gari, maabara inapima kwanza nguvu ya udongo kwa kusukuma nguzo. Sisi tunaweza kufanya vivyo hivyo: piga nguzo moja ya majaribio, ivute kwa mnyororo na kipimo, uone.

Mahali pa tabaka gumu la mawe mekundu, nguzo inagoma kuingia. Kuna kazi niliyokwenda kuipokea ambapo nguzo zote zilikuwa za kimo kimoja, zimenyooka vizuri ajabu. Nikaona vumbi la chuma kwenye majani. Zilikuwa zimekatwa kwa msumeno juu, kwa sababu hazikuingia. Tukang'oa moja, chini ilikuwa na sentimita 60. Vijana waliofanya kazi ile walikuwa wanalipwa kwa idadi ya nguzo kwa siku, na siwalaumu wao kwanza. Tangu hapo ninaomba nguzo zipigwe alama ya rangi kiwandani, sentimita chache kutoka juu. Alama isipoonekana, tunazungumza. Penye jiwe, toboa kwanza kwa mashine, kisha jaza kokoto ndogo zilizoshindiliwa. Usimwage betoni na kuibana nguzo, kwa sababu nguzo inatakiwa iiname.

Penye ukingo wa tuta, udongo wa nyuma ni mchache na hauwezi kuishika nguzo. Hapo zinahitajika nguzo ndefu zaidi, na kuna mifumo iliyojaribiwa hivyo, hadi nguzo za mita 2.74.

Wauza makala (mkaa) wanakaa nyuma ya glisiera. Si wako salama?

Hapana, mama zangu, hamko salama. Glisiera inazuia kwa kurudi nyuma. Kwenye jaribio la pikapu, ule mfumo wa milimita 787 ulirudi zaidi kidogo ya mita 1. Upana wa kazi wa W5 ni hadi mita 1.7, W8 hadi mita 3.5. Gunia la makala lililoegemezwa kwenye nguzo, mtoto anayecheza nyuma yake, nguzo ya umeme iliyosimamishwa karibu, vyote viko ndani ya eneo ambalo chuma kitafika. Kila ninapokagua ninawaomba wasogee hatua nne. Wanasogea, kisha wanarudi, kwa sababu wateja wanasimama hapo. Dawa yake ni kuwatengenezea sehemu ya kuegeshea magari, na hiyo iingizwe kwenye mradi tangu mwanzo.

Mfereji wa mawe pia ukae nyuma ya glisiera. Gurudumu likiingia kwenye mfereji kwanza, gari linafika kwenye reli likiwa limeinama, na hakuna jaribio lililofanywa hivyo.

Nguzo za mbao zinafaa huku?

Zimejaribiwa na zinafaulu. Tatizo letu ni moto wa vichaka wa kiangazi na mchwa. Mimi nachagua chuma. Ekarteri za mbao au plastiki zikitumika, majani yafyekwe kabla ya Juni.

Karakana zetu zinaweza kutengeneza reli?

Mafundi wetu wana uwezo wa kukunja bati. Hilo silitilii shaka. Kinachohitajika ni chuma cha daraja linalojulikana, unene sahihi (kama milimita 2.7 kwa reli ya Kimarekani, 3 kwa nyingi za Ulaya), matundu yaliyopigwa kwa mashine, na zinki ya kuzamishwa baada ya kutoboa. Tundu lililokatwa kwa moto linaacha mpasuko mdogo, na reli itakatikia hapo. Anza na vitu vidogo: ekarteri, bamba za kuakisi mwanga, kukarabati nguzo. Reli yenyewe ifuate mchoro wa mfumo uliojaribiwa, na kila fungu la chuma liwe na cheti chake.

Boliti zinaibiwa ziuzwe kama mitraille (chuma chakavu). Tufanyeje?

Boliti za kichwa cha mviringo zifungwe nati upande wa nyuma, na ukaguzi ufanywe kila mwezi. Usichomelee. Reli iliyochomelewa kwenye nguzo haiachii inapopaswa kuachia, inavutwa chini na nguzo, na gari linapita juu.

Na watu wa taxi-moto?

MASH haina jaribio la pikipiki. Ulaya walitoa maelekezo mwaka 2012, CEN/TS 1317-8, kwa ajili ya reli ya ziada inayofunika nguzo chini ili mtu anayeteleza asizigonge. Kwenye kona kali karibu na mji, ambako pikipiki ni nyingi, ningeiomba.

Kwenye daraja, reli na betoni vikutane vipi?

Reli inapinda, betoni haipindi. Vikikutana ghafla, gari linazama kwenye reli na kugonga kichwa cha betoni kama kisiki. Kwa hiyo ugumu uongezeke taratibu: nguzo zisogeleane, reli iwe maradufu au ya mawimbi matatu, na mwisho ifungwe kwa boliti kwenye betoni. Madaraja mengi ya zamani yana reli inayoishia kabla ya ukingo, pengo la hatua mbili. Pengo lile lizibwe hata kabla ya kuzungumza viwango.

Lori limekwaruza glisiera na kuondoka. Imepinda kidogo tu. Ibaki?

Pima. Kama reli imeingia ndani zaidi ya upana wa kiganja, kama ungio limefunguka, kama nguzo imelegea ukiisukuma kwa mguu, au kama bati limechanika hata kidogo, haiko tena kwenye hali iliyojaribiwa. Usiinyooshe kwa nyundo wala kwa moto. Badilisha kipande, badilisha na boliti zake, shindilia udongo wa nguzo upya. Wakati unangoja vifaa, weka koni na kibao cha kupunguza mwendo pande zote mbili, na uandike namba ya kilomita, tarehe na kimo ulichokipima kwenye daftari la barabara. Dereva unayesoma hapa, ukiwa ndiwe uliyegonga, tafadhali toa taarifa kwenye kituo cha péage (ushuru wa barabara) kinachofuata. Atakayepita hapo usiku hajui kwamba reli ile imeshatumika.